Zamu Yake Bombani

Jirani yangu, mama mmoja mshona nguo, hutembea kwa mikono na magoti. Huvaa kandambili viganjani na vipande vya tairi magotini, na kabla ya kuingia kwa mtu huzigonganisha kandambili hizo zikung'utike mchanga, ndipo apige hodi kwa sauti nzito kuliko mwili wake. Akishona, mkono wa kulia huzungusha cherehani, wa kushoto huongoza kitambaa, na hapendi kusemeshwa.

Mwaka maji yalipoanza kuuzwa mtaani kwetu Newala, bomba letu lilijengewa jukwaa la saruji lenye kimo cha kiuno. Siku moja ya Oktoba maji yalikuwa yakipungua, na zamu yake ikafika. Foleni ilianza kusukumana.

"Tupishe, fundi," alisema Mama Zabroni nyuma yangu. "Tutakukingia baadaye."

"Baadaye hakuna maji," alijibu bila kugeuka.

Akaipandisha ndoo juu, akashika ukingo wa jukwaa kwa mikono miwili, akajivuta. Kandambili moja ilimponyoka. Saruji ilimchuna kiwiko, lakini alifika juu, akakaa, akafungua koki. Maji yalitoka membamba kama uzi, naye akayatazama hadi ndoo ikajaa. Nilinyoosha mikono ili nimteremshe.

"Shika ndoo," aliniambia. "Mimi nitashuka mwenyewe."

Nikaipokea ndoo. Foleni nzima ikasimama, ikimngoja.