Asiniguse Mtu

Kiharusi kilinipata wakati wa kupanda maharage, kikaulegeza mguu wangu wa kushoto. Hospitalini mtaalamu wa mazoezi alinielekeza vizuri: inuka kitini bila kushika kitu, kaa tena taratibu; panda ngazi ya mlango, shuka; ukichoka pumzika, kisha rudia. Nilirudi nyumbani Litembo nina hamu ya kuanza.

Sikupewa nafasi. Kwetu mgonjwa hafanyi kitu. Majirani walijaa sebuleni kunijulia hali, na mkamwana wangu aliogopa kusemwa kuwa anamtesa mama mkwe. Nikijiinua tu, ameshanishika kwapani. Chai naletewa, maji naletewa, hasira zinanijaa. Paja lilizidi kunywea.

Ndipo akaja shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu.

"Shikamoo, shemeji. Kahawa inaanza kuiva. Kama hufiki shambani, nitampa mtu mwingine alitunze."

Alisema kwa adabu, na adabu ile ndiyo iliyonitisha. Mibuni ile niliipanda kwa mikono yangu. Tangu siku hiyo, mkamwana akienda kuchota maji, mimi nainuka na kukaa, nainuka na kukaa, jasho likinitoka kama ninayelima.

Shemeji alirudi na huyo mtu wake. Nikawaambia, twendeni wote.

Njia ya kwenda kwenye kahawa inakata mashimo ya ngoro, yale tunayochimba mlimani ili mvua isibebe udongo. Unapita juu ya matuta membamba, shimo huku, shimo kule. Nilikwenda na fimbo, mguu ukitetemeka. Katikati goti likakataa. Nikateleza hadi ndani ya shimo, nikakaa kitako kwenye tope.

"Mbebeni," shemeji akasema.

Nilijua nikibebwa, shamba limekwenda.

"Asiniguse mtu!"

Mkamwana wangu alikuwa ameshainama. Akasimama, machozi yanamtoka, akanyoosha mkono kumzuia shemeji. "Baba mdogo, umemsikia mama."

Nilivuta nyayo nyuma, nikaegemea mbele nilivyofundishwa, nikasukuma. Nikaanguka. Nilitamani kulia. Nikasukuma tena, paja likiwaka moto, hadi magoti yakanyooka.

Nikapanda tutani, polepole, hadi kwenye mbuni wa kwanza. Shemeji alimwambia mtu wake arudi nyumbani.

Nami nikaomba kikapu.