Hita ya Mzee Pandu

Antoinette alijifunza ufundi wa gesi kwenye karakana moja ya Pinetown, alikoingia kama mfagizi akatoka fundi. Watu wa mtaa wa Point walimzoea na mkoba wake wa spana. Lakini hita ya Mzee Pandu, baridi ile ya 2011, nusura imtoe katika kazi.

Ilikuwa hita kuukuu ya gesi, ya ukutani, ya kupasha sebule joto. Kulthumu, binti wa mzee, alimweleza kwamba inawaka robo saa, kisha inajizima. Antoinette akaifungua, akapuliza vumbi, akabadilisha kijiti kinachohisi kile kimoto kidogo cha kuwashia na kuruhusu gesi ipite. Safari hii ikawaka, haikuzima. Kulthumu alikuwa anachelewa dukani; wakatoka pamoja, wakamwacha mzee kwenye kochi na blanketi lake, madirisha yamefungwa kwa ajili ya upepo.

Taxi ya Mobeni aliyopanda Antoinette ilikuwa imesimama kwenye robot, taa ikiwa nyekundu, ndipo alipokumbuka. Ule moto ulikuwa wa njano, si wa buluu. Na juu ya hita palikuwa na masizi! Basi kijiti hakikuwa kibovu. Hita ilikuwa inakosa hewa, ndiyo maana ikajizima. Naye ameilazimisha iendelee kuwaka na kumwagia mzee hewa ya sumu ndani.

"Chauffeur, nishushe! Hapa hapa!"

Akampigia Kulthumu huku anakimbia. "Baba iko na simu?"

"Haina chaji. Kuna nini, dada?"

"Kuja na funguo. Kuja mbio!"

Ngazi za ghorofa tatu alizipanda bila kuhema. Akagonga. Akagonga tena, akaita, kimya. Hakuweza kumngoja Kulthumu. Akavunja kioo cha dirisha la baraza kwa spana, akapenyeza mkono, damu ikamchuruzika, akafungua komeo la mlango.

Mzee alikuwa ameinamisha kichwa kama aliyesinzia. Antoinette akafunga gesi, akamburuta na blanketi lake hadi nje.

"Mzee! Unanisikia? Mon Dieu, nimeua mtu."

Mzee akatapika. Kisha akanong'ona, "Kichwa... Nani ananivuta?"

Alilazwa siku mbili akivutishwa oksijeni. Huko hospitali Kulthumu alimkazia macho. "Dada, ulitengeneza au uliharibu?"

Jirani alikuwa ameshakuta kiota cha ndege kimeziba bomba la moshi kule nje. Antoinette angeweza kuwasingizia ndege.

"Niliharibu," alisema. "Bomba sikulitazama."

Wiki mbili hakugusa spana. Kila akiishika, aliirudisha mkobani. Mwishowe Mzee Pandu mwenyewe akamwita.

"Mwanangu, njoo uimalize kazi yako."

"Mzee, mi naogopa."

"Ndiyo maana nakuita wewe. Asiyeogopa sitamruhusu aiguse."

Antoinette akatoa kiota, akasugua bomba mpaka viganja vikawa vyeusi, akafungua madirisha yote, akawasha. Moto wa buluu. Hakuuamini. Akaomba udi, akaushika chini ya mdomo wa bomba, akautazama moshi wake ukivutwa kwenda nje. Kulthumu akaleta chai, ikapoa. Adhana ya alasiri ikapita. Mzee akamwambia yatosha, aende akapumzike.

"Bado kidogo," Antoinette akajibu, akawasha udi mwingine.