Mama Aliyefuta Kiungo cha Jirani

Jumanne iliyopita, katika duka la kompyuta pale Omurushaka, nilimkuta mama mmoja akisomewa onyo. Tovuti yake ya mapishi imo katika pete ya tovuti kumi za Karagwe na Kyerwa, na kila moja hubeba kiungo cha kumpeleka msomaji kwenye inayofuata. Mama alikuwa amekifuta kiungo cha jirani yake wa Nyaishozi. Onyo lilisema asipokirudisha siku hiyo, ataondolewa katika pete.

“Ameandika kwamba ndizi zangu hazina chumvi!” alisema, akigonga meza kwa kidole. “Halafu nimpelekee wageni?”

Binti mwenye duka alitabasamu. “Mama, ukigombana na jirani nyumbani, unaziba njia inayopita kibanjani kwako?”

“Aa, hiyo hapana. Watu watapita wapi?”

“Basi hapa umeiziba. Wale wanane wengine wamekukosea nini?”

Mama alifunga upya kitenge chake, polepole. “Haya, mrudishe. Lakini pembeni andika: Nendeni tu, mtarudi kwangu.”

Nilipofika nyumbani nilijaribu. Baada ya kurasa tisa nikajikuta kwake tena. Mama hakudanganya.