Somo la Wastani Siku ya Senene

Miaka ile ya ujamaa, mwalimu wa daraja la C alikuwa na njia mbili za kupanda: kurudi chuoni au kumridhisha mkaguzi. Chuo nilikwisha kukiomba, nikaambiwa nisubiri. Nikabaki na mkaguzi.

Nilikuwa nafundisha Hesabu darasa la sita, katika shule moja ya Kagoma, Muleba. Walimu niliowapokea wakiwa wageni, nikawaonyesha hata chaki inakaa wapi, walishakuwa B. Mimi bado C. Nililitaka daraja lile kuliko nilivyotaka mume. Mama yangu alilijua hilo na lilimuudhi sana.

Likizo iliyotangulia tuliitwa semina Bukoba. Tulilala kwenye mabweni ya shule moja kule Rwamishenye, tukalishwa ugali kila siku, sisi watu wa ndizi, tukanung'unika kama watoto. Mkufunzi wetu alikuwa mkaguzi mwenyewe, mtu wa pwani, mpole, nguo zake zimepigwa pasi hata siku za mvua. Alitufundisha kwamba mwalimu bora hachori chungwa ubaoni, analileta chungwa lenyewe. Zana zitoke kwenye mazingira ya mtoto. Akamaliza kwa kusema atapita shule zote, na mwalimu atakayemwonyesha somo bora atapendekezwa kupandishwa daraja. Nilimwamini kabisa.

Alituma habari kwamba angefika kwetu Novemba. Niliandaa somo la wastani. Nilikusanya magunzi ya mahindi na vikopo, nikaandika andalio la somo kwa mwandiko wangu mzuri, siku yenyewe nikavaa gauni la kanisani. Kabla sijafika shuleni nikasikia kelele migombani: "Enshenene zagwa!"

Senene walikuwa wameshuka. Kwa asiyewajua, ni panzi wanaoliwa, huja na mvua na kufunika majani ya rweya, ile mbuga iliyo nje ya vibanja, mashamba yetu ya migomba. Wakishuka, kila mwenye miguu hutoka na kila chenye mfuniko. Mke asiyempelekea mumewe senene msimu ule atasemwa mpaka msimu mwingine. Shule ni nani mbele ya jambo hilo?

Nilimkuta mwalimu mkuu amesimama peke yake kwenye uwanja wa paredi.

"Kengele umepiga?" nikamuuliza.

"Nimepiga mwenyewe, waitu. Hata mpiga kengele yuko rweya."

Mwenzangu wa darasa la nne alipata watoto wachache wenye mafua, akafunga mlango na kuanza kuwafundisha Siasa. Mimi nilitazama madawati yangu matupu, nikakasirika mpaka machozi yakanitoka. Halafu nikakumbuka lile chungwa. Nikabeba ubao mdogo kichwani, chaki mkononi, nikaenda rweya na gauni langu la kanisani.

Mkaguzi alipofika, mwalimu mkuu alimleta huko huko, viatu vyake vimelowa umande. Darasa langu lote lilikuwepo, limekaa chini na vikopo vyake. Niliwaambia wamwage senene wao wote kwenye mkeka mmoja, tuhesabu, tugawe sawa kwa kila mtoto. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba mtoto wa Kihaya anaweza kukupa chochote isipokuwa senene aliyemkamata mwenyewe. Walimwaga kwa shingo upande, wakigombana, wakihesabu kwa sauti, wakikamata wanaoruka. Lakini waligawanya. Hata wale ambao kugawanya kulikuwa kumewashinda tangu Januari waligawanya, maana kila mmoja alitaka kujua ameibiwa kiasi gani.

Msichana mmoja, aliyekuwa amejaza debe kabla jua halijatoka, alitazama fungu lake la wastani, akasimama.

"Mwalimu, wastani ni wizi!"

Darasa likacheka. Mimi nikacheka pia, kwa sababu alikuwa ameelewa wastani kuliko kitabu kinavyoueleza. Mkaguzi hakucheka. Miaka ile maneno kama hayo hayakusemwa mbele ya mgeni wa serikali.

Kabla ya kuondoka alinishukuru kwa adabu zake zote. "Somo limechangamka, ndugu mwalimu. Ila darasa halikuwa darasani."

Aliyepandishwa ni mwenzangu wa darasa la nne. Alikuwa amefundisha kujitegemea, mlango umefungwa, mahudhurio yanasomeka. Nilimpongeza, nikaenda nyumbani nikalala bila kula.

Likizo iliyofuata tukaitwa tena Rwamishenye. Mkaguzi alisimama mbele, akasema leo atatuonyesha mfano wa somo lililotumia mazingira. Akaanza: asubuhi moja, mwalimu mmoja, senene. Alieleza vizuri, siwezi kumnyima hilo. Mkeka ulikuwepo, vikopo vilikuwepo. Katika simulizi yake watoto walipogawana sawa walipiga makofi kwa furaha, na hakukuwa na msichana yeyote. Walimu waliinama kunakili. Nikawa na hakika sasa atanitaja. Akafuta ubao, akauliza kama kuna swali.

Nikasimama. "Ndugu mkaguzi, mwalimu huyo ni mimi. Bado niko daraja la C."

Mkaguzi hakuonekana kukasirika, alionekana kama mtu aliyekatizwa tu.

"Keti, ndugu mwalimu," akasema kwa upole. "Hapa tunajadili mbinu. Hatujadili watu."

Nikaketi. Mwalimu wa pembeni yangu, aliyekuwa amebaki nyuma kunakili, akaninong'oneza nimkumbushe: baada ya kumwaga kwenye mkeka, ilifuata nini?