Udongo wa Mama Pale Pasiansi

Enzi zetu, mtoto wa Pasiansi alijifunza kubeba udongo kichwani kabla hajajifunza kubeba daftari. Nyumba yetu ilikaa katikati ya mawe, na uwanja ulikuwa mdogo kiasi kwamba mbuzi akigeuka, mkia uko kwa jirani. Udongo haukuwepo. Mama aliutengeneza. Jumamosi tulishuka ziwani na ndoo, tukarudi na magugu maji yakituchuruzikia shingoni. Tuliomba samadi kwa mzee mmoja mwenye ng'ombe, tukafagia na vumbi la dagaa pale wanapoanikia. Vyote vilirundikwa nyuma ya jiko vikioza na kunuka, halafu mama akavijaza kwenye nyufa za mawe na kwenye matuta ya ngazi aliyoyapanga kwa mawe mwenyewe. Shuleni walituita watoto wa samadi. Tulilia, lakini mchana tulirudi kula.

Na tulikula, ndugu zangu. Mgagani wa maziwa, majani ya maboga ya karanga, zile nyanya ndogo chachu zinazoota zenyewe. Mboga zikizidi, mama alizianika zikawa nsansa ya kiangazi. Maji ya kuoshea vyombo yalikuwa ya bustani, ukiyamwaga ovyo unaulizwa, "Umemnywesha nani?" Watoto wa leo wanajua mboga inatoka kwenye friji. Juzi binti yangu kaniuliza eti mchicha unatengenezwa kiwanda gani. Sikumcheka sana, maana mwenye makosa ni mimi.

Kila msimu mama aliacha shina moja bila kuchuma, tena lile zuri kuliko yote. Sisi tunalitamani, yeye analilinda mpaka likauke. Mbegu zake alizifunga kwenye vitambaa, vifundo vidogo vidogo, akavitundika jikoni juu ya mafiga vipate moshi, wadudu wasiziingie. "Mbegu hailimbikizwi," alikuwa akisema. "Isipopita ardhini itakufia mkononi." Maneno hayo niliyasikia mpaka nikayachoka.

Nikakua, nikapata kazi ya kiwandani kule Nyakato, na aibu ikaniingia. Wenzangu walikuwa wakiwapendezeshea wazazi wao nyumba, mama yangu bado ana samadi kwenye kucha. Basi alipokwenda Sengerema kumuuguza dada yake, nikaleta mafundi. Tuling'oa kila kitu, tukabomoa ngazi zake, tukatandika vitofali vya pevingi toka mlangoni hadi getini. Pakang'aa. Nikaongeza na kiti cha plastiki chenye mikono, nikajisifu moyoni kwamba sasa mama atapumzika.

Aliporudi alisimama getini, mzigo kichwani, hakuutua. Nikamwamkia, "Shikamoo mama, karibu nyumbani."

"Marahaba, baba." Akatazama chini upande huu, akatazama upande ule, kama mtu aliyekosea mtaa. Kisha akasema, "Asante, baba. Pamekuwa pasafi."

Hakusema neno lingine juu ya uwanja ule mpaka anafariki. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo. Angenigombeza ningeng'oa vile vitofali siku hiyo hiyo, tukaanza upya.

Alikaa kwenye kile kiti miaka sita. Mboga tukawa tunamnunulia sokoni, anakula kidogo anasukuma sahani. Siku ya msiba, jirani yetu Mama Sabina aliniambia kwamba kila asubuhi mama alitoka na beseni la maji ya vyombo, akasimama nalo hapo nje, hajui ayamwage wapi, kisha akarudi nalo ndani. Nilitamani asingeniambia.

Baada ya matanga tulisafisha jiko. Vifundo vilikuwa bado vinaning'inia pale pale, vyeusi kwa masizi, mgagani, maboga, nyanya, vyote. Nikachukua mtaimbo nikang'oa vitofali kwa mikono yangu. Nikashuka ziwani mwenyewe, mtu mzima mwenye kitambi, nikapandisha magugu maji kichwani huku vijana wa bodaboda wakinipiga picha. Samadi nikatafuta, vumbi la dagaa nikafagia. Nikangoja miezi, udongo ukaiva, ukanuka vilevile kama zamani. Nikafungua vifundo vyote, nikapanda, sikubakiza hata mbegu moja.

Nilimwagilia wiki ya kwanza, ya pili, hata ya tano. Hakikuota kitu. Nikafukua mbegu ya boga, nikaipasua kwa ukucha, ndani mlikuwa na unga mkavu tu. Mama alizitunza miaka yote ile zikingoja ardhi, na ardhi yenyewe nilikuwa nimeifunika mimi.

Enzi zetu tulikuwa na mbegu, udongo tukaubeba kichwani. Leo udongo ninao, mweusi, mzuri, na mbegu za dukani ziko tele, za pakiti zenye picha. Sijaweza kuzinunua. Asubuhi natoka tu na beseni la maji ya vyombo, nayamwaga taratibu pale zilipokuwa ngazi za mama.

Jana binti yangu alisimama mlangoni akanitazama weee, mwisho akauliza, "Baba, unamnywesha nani?"

Nilimwambia aingie ndani, chai inapoa.