Uzio Usio na Mlango

Juzi nilienda steshenari hapa Mpanda kutoa kopi tu, nikatoka na jasho. Mama mmoja wa Sitalike, kijiji cha kando ya hifadhi ya Katavi, alikuwa anamwombea binti yake nafasi ya chuo mtandaoni, mwisho saa kumi kamili. Zilibaki dakika kumi, na matangazo yameigandisha kompyuta.

Mhudumu akabadilisha brauza, akaweka kizuia matangazo. Ukurasa ukafunguka papo hapo.

"Umeona spidi, mama? Hata memori haili."

Ila kitufe cha kutuma hakikuonekana. Zikabaki dakika tatu.

"Si hicho kizuizi chako kimekificha?" mama akafoka. "Sisi uzio wa kuzuia tembo tunauwekea mlango wa mwenye shamba!"

Mhudumu akakizima. Matangazo yakarudi, kitufe nacho kikatokea, maombi yakaenda. Sijawahi kufurahia tangazo la sabuni namna ile.