Kaa, Posa na Jibu Lisilojua Kwao

Simu za Kiwayu zilikatika wiki ileile ambayo wazee wetu walikuwa wamepeleka posa yangu huko. Jamani, nilikonda. Binti niliyempenda yuko Kiwayu, jibu liko Kiwayu, na mimi niko Shela, nimekaa kwenye ofisi ya nyumba ya wageni nikiikodolea macho kompyuta.

Mama alinifuata kazini, buibui halijamkaa sawa. "Hakuna ndia nyingine ya kuwapata?" Njia ilikuwepo. Nilikuwa nimeandika mfumo wa ujumbe uliotuunganisha kwa setilaiti na hoteli ndogo ya Kiwayu anakofanya kazi shangazi yangu. Mpishi wetu huuliza kama kuna kaa wa kununua, shangazi hujibu, basi. Nikatuma swali la mama: wamekubali au hawakukubali? Mpishi naye, hana habari na moyo wa mtu, akatuma lake la kaa.

Majibu yakarudi yamefuatana.

"Sawa, njooni Ijumaa."

"Pole, watu wa Ras Kitau wametangulia."

Lipi la nani? Miaka yote muulizaji alikuwa mpishi peke yake, kwa hiyo sikuona haja ya jibu kujua limrudie nani, wala limetokana na swali gani. Na hoteli za Ras Kitau hununua kaa, na vijana wa Ras Kitau, mashallah, huoa. Mpishi akadai la Ijumaa ni lake. Nilitamani kumnyonga. Mama akaketi, akaniuliza kwa upole kama chuoni nilisomea kupoteza majibu ya watu.

Nikaandika upya palepale, kicheko kinanipanda bila sababu. Kila swali sasa lingebeba jina la anayesubiri, pamoja na muktadha, yaani maneno machache ya kueleza jambo lenyewe. Upande wa pili usiuguse muktadha, uurudishe kama ulivyo pamoja na jibu. Kwenye wangu, kwa wazimu wa siku ile, nikajaza: "Posa. Muulizaji ni bwana harusi mwenyewe, hali chakula, hapati usingizi, amekuwa kero nyumbani." Nilidhani mashine tu ndiyo itakayousoma. Nikatuma tena.

Tulingoja mpaka mpishi akatuletea chai kwa huruma. Kisha skrini ikawaka, na mama akaniwahi kusoma: "Sawa, njooni Ijumaa." Juu yake, jina langu. Vigelegele alivyopiga viliwatoa wageni vyumbani. Mimi nilikuwa nacheka na kufuta machozi kwa mkono wa shati.

Ndipo nikautazama ule muktadha usiotakiwa kuguswa. Ulikuwa umeguswa. Kumbe shangazi alikuwa amemwita binti ofisini, akamsomea kila neno, kisha akamwachia kibodi. Baada ya maneno yangu 'kero nyumbani', binti alikuwa ameongeza lake:

"Mwambieni ale. Aliyesema sawa ni mimi."